Mamba Asusia Kikao

Wanyama wa mtoni walikuwa na baraza lao, na humo Mamba akishasema "Napinga!" jambo limekufa. Kwale alilijua hilo kwa uchungu. Kila alipoomba Nyegere aruhusiwe kumtimua Kenge, mla mayai yake, Mamba alimkingia kifua Kenge, kwa kuwa ni binamu yake.

Siku moja, kikao kikiwa kinaanza, Kwale akamsogelea Mamba, akamnong'oneza kwa heshima zote, "Mzee wangu, hawa wanakudharau. Kusema 'napinga' hata chura anaweza. Mkubwa akichukia hasemi kitu, anawasusia."

Mamba akavimba. Akapiga mkia chini, akatoka, akajitosa mtoni.

"Ombi la Kwale. Kuna anayepinga?" akauliza Kiboko, mwenyekiti.

Kimya. Basi Nyegere akaruhusiwa kutumia nguvu, naye hakungoja kubembelezwa.

Haukupita muda, Kenge akaja mtoni mbio, mkia umebaki nusu. "Binamu! Kwani leo hukupinga?"

"Nisipinge?" Mamba akajibu, kifua mbele. "Leo nimepinga mpaka nikatoka nje!"