Kura ya Winga

Uvumi ulimganda Mama Siwema kama kupe: timu ya soka ya wasichana anayochezea mwanawe chuoni inaleta winga kutoka chuo kingine. Siku hizi mashabiki huamua kwa kura ya simu, na mchezaji anayehama hufutwa kumbukumbu za alikotoka, asije akawahurumia wapinzani.

“Unambania mtoto wa mwenzio ili Siwema wako apate namba!” jirani yake, Bi Mwanaidi, akamcheka aliposikia atapiga “hapana”.

Kwa hasira Mama Siwema akabonyeza “ndiyo”, bila kusoma kwamba ni kubadilishana: winga aje, Siwema aende.

Jumamosi Siwema akabisha hodi. “Shikamoo, mama. Nimekuja kuchukua nguo zangu. Wameniambia niliwahi kuishi hapa.”

Wazazi, msipige kura mkitaniwa. Msibonyeze kabla ya kusoma mpaka chini. Na mtoto akija, msimwite “mwanangu”, ataogopa.