Tonge la Mgeni

Kila mara mgeni alipofungua kinywa aseme neno, Bezawit alimtia tonge jingine.

"Nife mimi usipokula, Gashe," alimwambia.

Gashe ndivyo mtu mzima anavyoitwa Gondar akiheshimiwa na kupendwa, na Bezawit alikuwa ameonya tangu asubuhi kwamba asisikike mtu akimwita mgeni Dakta. Sherehe ya wanafunzi na walimu wanaowasimamia si mtihani. Mgeni aone yuko kwao.

Mgeni akatafuna. Angefanya nini? Tonge moja peke yake huleta ugomvi, ndivyo wasemavyo watu wa huko, kwa hiyo likaja la pili, na la tatu likiwa na nusu ya yai ndani yake.

Bezawit hakuwa akicheza. Mwalimu aliyekuwa akisimamia utafiti wake alihamia mji mwingine, na bila msimamizi angerudi kijijini kukamua ng'ombe wa mama yake mwaka mzima. Aliyebaki na nafasi idarani ni Dakta Desta peke yake, mgeni kutoka Jimma aliyealikwa siku hiyo, ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumtia machoni. Nafasi yenyewe ilikuwa moja, na sifa za mwenyewe zilikuwa zimemtangulia kufika.

"Hapendi kungojeshwa," Eyasu, mwanafunzi mwenzake, alikuwa amemwambia. "Huko Jimma alimfungia mlango hata mkuu wake wa kazi kwa kuchelewa."

Basi Bezawit hakuacha mwanya. Nyasi mbichi zilimwagwa sakafuni mapema, injera, mkate wao mpana, ikatandazwa, buni zikawekwa kando ya jiko la mkaa. Walimu wengine walituma salamu kwamba wangefika mvua ikikatika. Kwa hiyo mlango ulipofunguka akaingia mwanamume wa makamo, suti imelowa mabegani, funguo mkononi, hapakuwa na haja ya kuulizana. Walimvua koti, wakamnawisha mikono, wakamkalisha kiti cha heshima.

"Mimi sikai," mgeni alisema. "Nimeingia mara moja tu."

"Unaiona adabu hiyo?" Eyasu alimnong'oneza Bezawit.

Mtu aliyelelewa vizuri hukataa mara tatu kabla hajala, na mwenyeji aliyelelewa vizuri hasikii hata mara moja.

"Jamani, kuna mtu ananingoja," mgeni alisema tena.

"Atangoja. Ni mtu gani huyo wa kukunyima chakula, Gashe?"

Mara ya tatu kinywa kilikuwa kimejaa kuku. Alinyoosha kidole tu kwenye mwavuli wa Bezawit, uliotundikwa nyuma ya mlango.

"Mvua isikutie wasiwasi," Bezawit alimwambia, huku akimwongezea mchuzi. "Ukishiba nitakusindikiza nao mwenyewe."

Buni zikakaangwa, moshi wake ukajaa chumbani. Nje honi ya gari ililia, ndefu, ya hasira.

"Watu wengine hawana malezi kabisa," Eyasu alisema, akafunga dirisha ili mgeni asisumbuliwe.

Kahawa ya kwanza ilipokwisha mgeni aliinuka. Nani huondoka kwenye kahawa ya kwanza? Wakamrudisha kitini kwa mabega. Kwenye ya pili alikuwa amelegeza tai, akauliza ni nani aliyempika kuku yule, akasema mkewe asisikie, lakini hajawahi kula kuku kama huyo. Wanafunzi walicheka mpaka wakasahau kumwogopa.

Ikaja ya tatu, ile inayoitwa baraka, ambayo anayeikimbia amezikimbia baraka zake. Bezawit alipiga goti, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa amewaza maneno ya kisomi wiki nzima, na sasa hakulikumbuka hata moja.

"Gashe, mimi sina wa kunisimamia," alisema. "Nichukue. Nitafanya kazi mpaka wewe mwenyewe uniambie nipumzike."

Mgeni alimtazama kwa huruma, na kwa haya kidogo.

"Binti yangu, kwa mkono huu ulionilisha, ingekuwa ni juu yangu mimi, ningekuchukua leo hii."

"Umesikia? Leo hii," Eyasu alisema, na chumba kizima kikapasuka kwa vigelegele. Bezawit alilia na kucheka kwa pamoja. Alimwona mama yake akipokea habari, akimwacha ng'ombe katikati ya kukamuliwa. Honi ililia tena, hafifu nyuma ya kioo, na hakuna aliyeijali.

Mgeni alimaliza kahawa yake taratibu. Aliwabariki mmoja mmoja kama desturi inavyotaka, akavaa koti, akapapasa mfukoni kutafuta funguo zake. Safari hii hapakuwa na mtu mwenye tonge mkononi.

"Mungu awazidishie, wanangu," alisema. "Sasa naomba ule mwavuli niliotumwa kuuazima. Dakta Desta yumo garini tangu buni hazijakaangwa, na honi hiyo ni yake."