Bakuli Moja, Vichwa Viwili

Macho ya Lilian yalikuwa yamezibika. Uso umeumuka kama andazi, maji yanachuruzika kwenye paji, na kila pumzi anaivuta kwa taabu. Na kesho ndiyo harusi yake.

Valeria msusi alisimama kando ya kitanda cha zahanati. Mlangoni kakaa mjomba wa bibi harusi, na kazi yake ni moja tu: Valeria asitoke mpaka polisi wafike.

"Nieleze basi," alisema Rahel, mama yake Lilian. "Jana ulitupaka rangi sisi wawili. Pakiti moja, bakuli moja, brashi moja. Mimi hata sikio halikuniwasha. Mwanangu ulimwongezea nini?"

"Sikuongeza kitu, mama. Nilisema tujaribu kidogo nyuma ya sikio, tusubiri siku mbili. Ukaniambia wageni wa Mbulu wameshapanda gari."

"Kwa hiyo ni mimi?" Rahel alicheka, kicheko kikavu. "Nani Ganako nzima hajui huyu bwana harusi, Boazi, alimwacha mdogo wako akamfuata binti yangu? Hicho kichwa ulikishika na kinyongo chako."

Bakuli lile lilimsumbua hata Valeria. Tangu alfajiri analigeuza moyoni kama kitendawili, na jawabu halipati. Watoto wake wanakula kwa saluni ile. Akipelekwa kituoni leo, nani Karatu atampa tena kichwa chake akishike?

Daktari alichoma sindano, akangoja pumzi ya mgonjwa itulie kidogo.

"Alishawahi kupaka rangi nyeusi kabla ya jana?"

"Hajawahi," Rahel alidakia. "Nywele za huyu nazijua tangu utosi haujafunga."

"Basi hapo ndipo panaponitatiza. Mwili hauwaki namna hii siku ya kwanza kukutana na rangi. Mara ya kwanza hunyamaza, ukaweka moyoni. Ukikutana nayo tena ndipo hulipuka."

Rahel akamgeukia mjomba. "Umesikia mwenyewe? Si rangi hiyo, ni sumu. Mpigie tena askari, mbona wanachelewa."

Mjomba akatoa simu.

"Si lazima iwe ya nywele," daktari aliendelea. "Hata piko, yale maua meusi ya mikononi. Wengi hulichanganya na rangi hiyo hiyo."

"Piko apakwe na nani? Mwaka juzi alikuwa Singida kwa shangazi yake, anajifunza cherehani. Tangu arudi ni jembe na kanisa. Daktari, usimtafutie huyu mama pa kutokea."

Mkono wa Lilian ukapapasa shuka, ukaufikia wa Valeria, ukaubana.

"Mjomba, weka simu," alisema kwa midomo iliyovimba. "Mama, mwache dada Vale. Piko nilipakwa kulekule Singida, siku niliyoolewa."