Kofia ya Shaba

Kofia ya mashine ya kupiga picha za ubongo ilikwama kwenye nywele za uzi za Bi Mwanamkuu. Injinia Shomvi akaisukuma tena, ingawa alijua haitashuka. Mwaka mzima alikuwa akipanga vitanzi vya shaba ndani yake, kila kimoja kikimpanda jirani yake kidogo tu, ili mawimbi yasigombane na kuacha giza katikati ya picha. Vichwa alivyopimia vilikuwa vya wenzake wa karakana, wote wanaume, wote wamenyoa upara.

"Nilisukwa kwa ajili ya leo," mgonjwa alisema. "Mtu haendi kwa watu nywele timtim." Akaanza kufumua polepole kwa maumivu ya kichwa.

Kusogeza vitanzi hata upana wa kidole kulikuwa sawa na kuanza upya kazi ya mwaka mzima. Shomvi akafikicha macho yaliyokosa usingizi.

"Subiri kwanza, mama." Akauchukua uzi uliofumuliwa, akamzungushia kichwani juu ya nywele ambazo bado zimesukwa, akafunga fundo kuweka alama ya kipimo. "Haya, sasa tufumue."

Jioni, picha ikiwa imetoka safi, kofia ilikuwa mezani imepasuliwa vipande viwili. Uzi wenye fundo ulilala kando yake, na chuma cha kulehemia kilikuwa kinapata moto.