Matundu ya Bi Sitaki

Bi Sitaki aliketi kwenye kigoda katikati ya bafu, akanyoosha mkono hadi ukutani, na pale vidole vilipogota akachora alama kwa penseli. Kisha akainuka huku akiguna, akaifuata drili.

Jina hilo alipewa na mtaa, na ni kitu pekee alichopewa ambacho hakuwahi kukikataa.

"Mama, iache hiyo mashine," mwanawe alipaza sauti kutoka sebuleni. Mwana huyu alikuwa fundi wa ujenzi, na drili ilikuwa yake. "Si kitu cha kuchezea."

"Basi njoo uishike wewe."

Fundi alikuwa amenuna tangu asubuhi mbele ya televisheni aliyoizima sauti.

"Vyuma hivyo vya kushikia mimi sivitaki humu ndani," alisema hatimaye. "Nyumba itafanana na hospitali."

"Hukuulizwa."

Binti mkubwa alikuwa njiani na gari. Asubuhi alipiga simu na kusema yote kwa pumzi moja: amechoka kulala na simu mkononi, bafu linateleza, juzi wameponea chupuchupu, na sasa amepata nafasi kwenye nyumba ya kulelea wasiojiweza, chumba kizuri, wauguzi usiku na mchana. Mama akamjibu kwamba humu ndani hatoki mtu. Wakabishana mpaka binti akalegeza msimamo kidogo. Akifika akakuta vyuma vya kushikia, vilivyokazwa kweli ukutani, atageuza gari arudi kwake. Asipovikuta, sanduku linapakiwa leo leo. Mafundi wawili walioitwa walisema watakuja kesho, na kesho ya fundi kila mtu anaijua.

Mwenye duka la vifaa naye alijaribu bahati yake. Alimtazama mama huyo alivyo mwembamba, akacheka. "Bibi, skrubu hizi ni za kutundikia tanki la maji. Wewe chukua ndogo." Bi Sitaki alimwambia afunge hizo hizo, tena bila maneno.

Sasa alikunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko, akakaza kilemba, akavaa miwani ya plastiki. Akapangusa sakafu upya kwa tambara kavu, maana umeme na maji hata yeye alikuwa anaviogopa.

"Waya uko wapi?" sauti ya sebuleni ikauliza, kwa hasira.

"Umepita begani, uko nyuma yangu."

"Bomba linapanda kutoka kwenye koki. Usitoboe juu ya koki."

"Nina macho."

"Na utepe? Usipobandika utepe kwenye kigae, ncha itateleza. Halafu nyundo ya drili, ile inayogongagonga, izime kwanza. Ukishavuka kigae ndipo uiwashe, la sivyo utapasua ukuta mzima."

Hakuna aliyemwuliza, lakini ufundi ulikuwa unamwasha. Bi Sitaki alitabasamu peke yake, akabonyeza.

Drili ikanguruma taratibu, unga mweupe ukamwagika. Sauti ilipobadilika akajua kigae kimekwisha. Akaachia, akangoja ncha isimame kabisa, akawasha nyundo, akashika mpini wa pembeni kwa mkono wa pili na kutanua miguu. Nyumba nzima ikatetemeka. Jirani akapiga kelele dirishani kwamba watoto wamelala.

"Waamshe!" Bi Sitaki akamjibu, akaegemeza uzito wake wote.

"Usiisukume!" fundi akafoka. "Wewe shika tu, yenyewe inakula. Itoe kidogo vumbi limwagike, kisha irudishe."

Akafanya hivyo, na ncha ikazama mpaka kwenye utepe alioizungushia kupima kina. Raha ikampanda mpaka kooni. Wajukuu humkatia nyama vipande vidogo kama mtoto, na leo anatikisa ukuta wa zege.

Tundu la nne likagoma. Harufu ya chuma kilichoungua ikajaa bafuni, ncha ikawa butu, na mama akaipelekea mkono.

"Chomoa kwenye umeme kwanza!" Sauti ya sebuleni haikuwa na kinyongo tena, ilikuwa na hofu. "Mama! Umechomoa?"

"Nimechomoa, baba. Tulia."

"Ngoja ipoe. Halafu weka nyingine, uikaze kwa ufunguo wa drili, na ufunguo uutoe."

Alikuwa amemaliza kukaza skrubu ya mwisho gari lilipopiga honi. Binti mkubwa aliingia na ufunguo wa gari mkononi, akasimama kwenye mlango wa bafu, akautazama unga uliomfunika mama yake kuanzia kilembani hadi kwenye ndala.

"Vuta," mama akasema.

Binti akavuta. Akavuta kwa mikono miwili, kisha akakanyaga ukuta kwa mguu mmoja akavuta tena. Chuma hakikusogea.

"Kuvuta si kuning'inia," alisema, ila kwa sauti ndogo.

Bi Sitaki akamsogeza pembeni, akageukia sebuleni. "Fundi! Kazi imekwisha. Njoo uikague. Ukiiona mbovu sema, nitaing'oa yote, na gari liko nje."

Sebuleni televisheni ikazimwa.

Kisha fundi akaachia breki, akayasukuma magurudumu ya kiti chake kwa mikono yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu jukwaa la ujenzi limwangushe, mpaka chini ya kile chuma. Akakishika, akajivuta, akaning'inia na kilo zake zote huku miguu ikilegea chini yake, na dada yake akarudisha ufunguo wa gari mfukoni.