Jiwe la Mlangoni

Fundi Anselmi alizunguka mji mzima akigonga mawe kwa nyundo ndogo na kuyategea sikio. Ukuta wa kanisa kongwe ulihitaji jiwe moja, laini kama mengine, maana jiwe gumu lingeyamaliza taratibu yale ya jirani. Alilipata mlangoni kwa Mama Perpetua.

“Hapo ndipo marehemu mume wangu alipokuwa akikaa kila asubuhi,” mama huyo alisema.

“Basi nitaliacha, mama.”

Mama Perpetua alilipapasa jiwe kwa kiganja. “Lichukue, mwanangu. Kanisani litasikia nyimbo.”

Anselmi alipolinyanyua, udongo wa chini yake ulikuwa bado na unyevu. Vipepeo weupe wakaanza kutua hapo, mmoja mmoja. Mama Perpetua akavua kandambili, akaingia polepole katikati yao.