Nyasi za Njia ya Umeme

“Mama, nyasi hizi umezikata wapi?” aliniuliza mfanyakazi wa umeme aliyekuja kuomba maji, akiwa na bomba la dawa mgongoni.

Nilikuwa nimezitandaza sebuleni asubuhi ile, kama tunavyofanya sisi Wahaya tukitegemea wageni.

“Kibanjani kwetu, chini ya nyaya zenu. Si mliahidi mtafyeka kwa panga?”

Hakunywa yale maji niliyompa. “Tulipulizia jana jioni, mama. Sumu ya magugu.”

“Baba watoto aliwakatalia mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.”

“Sisi tunatumwa tu. Mtoe kwanza huyo mtoto kwenye nyasi.”

Kina mama wenzangu, nyasi zile zilikuwa mbichi, zina unyevunyevu, nami nikadhani ni umande. Msidhani kama mimi. Hata kama mlikataa wasipulizie, ulizeni kabla ya kukata.

Kokushubira wangu, ambaye ndiyo kwanza anaota meno, alikuwa amekaa katikati ya sebule, ametulia kuliko kawaida yake. Nikamnyanyua, nikampitishia kidole mdomoni.

Kidole kilitoka na unyasi mmoja, umetafunwa hadi umelainika. Nusu yake haikuwepo.